Umepiga picha mlango, lakini umepiga hodi?



Kama umewahi kufika Mji Mkongwe wa Zanzibar, chukua simu yako utazame picha ulizopiga huko. Katikati ya picha za bahari, za chakula cha usiku pale Forodhani na za wenzako mliosafiri nao, sina shaka ipo angalau moja ya mlango. Ni vigumu kupita kwenye vichochoro vile bila kusimama mbele ya mlango. Ni mikubwa, ni mizito, imechongwa kwa mkono na mafundi waliokwisha kufa zamani. Mingine imeachwa na rangi ya mbao yake. Mingine imepakwa kijani au buluu, na pale rangi inapobanduka unaona rangi nyingine chini yake, na chini ya hiyo nyingine tena.

Ukiitazama kwa makini utaona haifanani. Ile yenye kichwa cha mraba hufuata mtindo wa Kiarabu, na ile yenye kichwa cha duara ina mkono wa mafundi wa Kihindi. Katikati, mabawa mawili yanapokutana, kuna mti mrefu uitwao mfaa. Pembeni kuna miimo, juu na chini kuna vizingiti. Maneno hayo si mageni kwako, kwa maana uliyasoma katika Kutoka sura ya 12, usiku ule Waisraeli walipoambiwa wapake damu ya mwanakondoo kwenye miimo na kizingiti cha juu. Kwenye miimo ya Zanzibar mafundi walichonga samaki, maua na minyororo. Milango hii ni sehemu ya mambo yaliyoupa Mji Mkongwe heshima ya kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2000, kama Lamu ilivyopata mwaka uliofuata.

Mwaka jana nilikwenda Unguja kwa semina ya siku mbili. Siku ya tatu boti yangu ya kurudi Dar es Salaam ilikuwa ya jioni, kwa hiyo niliamka mapema nikaenda kupiga picha milango. Asubuhi ndiyo saa yake. Vichochoro ni vyembamba, na jua likishapanda huukata mlango vipande viwili, kimoja mwanga mkali na kingine kivuli.

Kwenye mlango mmoja wa kijani nilitumia muda mrefu. Nilisogea, nikarudi nyuma, nikachutama. Mzee mmoja alikuwa amekaa kwenye baraza ya nje, kikombe cha kahawa mkononi, akinitazama tu. Mwishowe akasema, “Mwanangu, mlango wangu umeupiga picha mara tano. Hodi hujapiga hata moja. Hata salamu hukutoa.”

Niliona aibu. Nikasema, “Shikamoo, mzee wangu. Nisamehe.” Akaitikia, akanisogezea nafasi barazani, akaniagizia kahawa na kashata.

Nilimuuliza kuhusu misumari mikubwa ya shaba iliyopangwa safu kwa safu kwenye mlango wake. Akacheka. “Hii ni ya tembo,” akasema. Akanisimulia kile ambacho wenyeji wengi husimulia, kwamba mtindo ule ulitoka India, ambako zamani milango iliwekewa vyuma vyenye ncha ili tembo wa vita wasiweze kuivunja kwa vichwa vyao. Nikamuuliza, “Na hapa Unguja tembo walitoka wapi?” Akajibu, “Hapa? Tembo aliyefika hapa alifika pembe tu, ndani ya jahazi.”

Kisha akanionyesha mlango wa nyumba ya pili. Ulikuwa mzuri kuliko wake, lakini kizingiti cha chini kilikuwa kimelika na nyasi zimeota mbele yake. “Wenyewe waligombania urithi,” akasema. “Kila mmoja akaenda zake. Mlango usiofunguliwa haumpati wa kuupaka mafuta. Lakini wageni wanaupiga picha kuliko wangu.”

Nilipoagana naye nilikwenda hadi Mkunazini, kwenye kanisa kuu la Anglikana. Unajua historia yake. Pale palikuwa soko la watumwa, likafungwa mwaka 1873, na mwaka huohuo ujenzi wa kanisa ukaanzishwa mahali palepale. Nilikaa ndani kimya, nikakumbuka kwamba utajiri uliolipia milango mingi ya fahari katika mji ule ulitokana na karafuu, na pembe za ndovu, na pia na watu waliouzwa umbali wa dakika chache kwa miguu. Mwenye nyumba alitoka asubuhi kupitia mlango wake mzuri, na binadamu wenzake walikuwa pale wanahesabiwa kama mizigo.

Hapo nikamkumbuka tajiri wa Luka sura ya 16. Bwana Yesu anatuambia mavazi yake na karamu zake za kila siku. Kuhusu mlango wake anatuambia jambo moja tu, nani alikuwa amelala pale. Kama ulikuwa umechongwa au umepakwa rangi, hatujui, ila tunajua kwamba Lazaro alikuwa mlangoni, ana vidonda na njaa, na kwamba tajiri alipita kila siku. Hatusomi kwamba alimpiga au kumtukana. Alikuwa na mlango, na mtu alikuwa nje yake, basi.

Jioni kwenye boti nikafungua simu kutazama kazi yangu ya siku nzima. Zilikuwa picha 63. Nikazipitia moja baada ya nyingine, na nilipofika katikati nikagundua kitu ambacho sikukiona nilipokuwa nazipiga. Kila mlango ulikuwa umefungwa. Hakuna picha hata moja yenye mtu. Nilikuwa nimewasubiri watu wapite ili wasiniharibie picha.

Ndugu yangu, hapo moyo wangu ulichoma, kwa sababu upo mlango mmoja ambao sikuwa na picha yake wala sikuwa nimeukaribia kwa miaka minne. Ni mlango wa kaka yangu mkubwa. Haukuchongwa na fundi maarufu. Ni mlango wa mbao wa rangi ya buluu, na kutoka kwangu ni mwendo wa daladala moja. Baada ya msiba wa baba tulitofautiana kuhusu kiwanja. Maneno makali yalisemwa, yangu na yake. Kisha ikaja kimya. Nimevuka bahari kwenda kutazama milango ya watu nisiowajua, na wa ndugu yangu wa tumbo moja nimeupita mara nyingi nikiwa ndani ya daladala, nimegeuza uso upande wa pili.

Sikuandika haya ili unihurumie. Nimeyaandika kwa sababu nadhani nawe unao mlango wa namna hiyo. Huenda ni wa dada yako, au wa mkwe, au wa jirani mliyekuwa mnaazimana chumvi. Huenda ni wa muumini mwenzako ambaye kila Jumapili mnakaa benchi tofauti na kila mmoja anajua sababu. Na huenda mlango uliofungwa ni wako wewe, na kuna mtu amesimama nje kwa muda mrefu.

Nilipojiuliza kwa nini sikwenda kwa kaka miaka yote ile, majibu yangu yalikuwa yaleyale. Atanitukana. Atanifukuza mbele ya watoto. Atadhani nimekuja kuomba fedha. Kisha nikamkumbuka yule mzee na misumari yake, nikaona kwamba hakuna hata moja kati ya hayo lililowahi kutokea. Nilikuwa nimepigilia misumari ya shaba kwenye moyo wangu, safu kwa safu, kuzuia tembo ambaye hakuwahi kufika kisiwani kwangu. Na misumari ile ilizidi kung’aa, kwa maana kila nilipoomba niliisugua. Nilimwambia Mungu, “Bwana, wewe unajua alivyonitendea.”

Hebu tazama tembo wako. Unayemwogopa yupo kweli, au ni habari uliyoirithi na kuitunza?

Hapa nisieleweke vibaya. Wapo ambao hatari yao ni ya kweli. Kama unapigwa nyumbani, au mtoto wako aliumizwa na mtu wa karibu, sikwambii umfungulie mlango aendelee. Kumsamehe mtu si kumpa ufunguo. Nenda kwa mchungaji unayemwamini, nenda kwenye vyombo vya sheria, linda uhai wako. Hata Bwana wetu aliondoka mahali ambapo watu walitaka kumwua kabla ya saa yake. Nazungumza na sisi wengine, ambao mlango wetu umefungwa na kiburi, aibu na mazoea, kisha tukayaita hayo busara.

Katika Matendo ya Mitume sura ya 12 kuna kisa ambacho kinanifanya nitabasamu kila ninapokisoma. Petro yuko gerezani, kanisa limekusanyika nyumbani kwa Mariamu, mama yake Yohana Marko, linaomba kwa bidii kwa ajili yake. Malaika anamtoa Petro, naye anakuja hadi mlangoni na kubisha hodi. Msichana aitwaye Roda anaitambua sauti yake, na kwa furaha anakimbia ndani kuwaambia wenzake, mlango ameuacha umefungwa. Waombaji wanamwambia ana wazimu. Wanaendelea kubishana ndani, na jibu la maombi yao limesimama nje gizani, linagonga.

Je, si sisi hao? Tunaweka jina la ndugu yetu kwenye karatasi ya maombi ya Ijumaa. Tunafunga, tunakesha, tunasema, “Bwana, irudishe familia yangu.” Kisha simu inaita, tunaona ni namba yake, hatupokei. Yapo maombi ambayo Mungu amekwisha kuyajibu, kilichobaki ni mkono wetu kwenye komeo.

Sisi Waswahili tumepewa neno zuri sana, hodi. Watu wa Pwani wana adabu yake. Unapiga hodi mara tatu, na usipojibiwa unaondoka bila kinyongo. Mwenye nyumba hadaiwi. Ni adabu njema, na tuifuate tunapokwenda kwa wenzetu. Lakini katika Ufunuo sura ya 3, Bwana Yesu anajieleza kama mtu aliyesimama mlangoni anabisha, na hatuambiwi kwamba alihesabu mara tatu akaondoka. Amesimama bado. Tena kumbuka barua ile haikuandikwa kwa watu wa mataifa wasiomjua. Iliandikwa kwa kanisa la Laodikia, kanisa lililojiona tajiri na lisilohitaji kitu. Ndani walikuwa wanaendelea na ibada, na Mwenyewe yuko nje anaomba aingie ale pamoja nao.

Jumamosi iliyofuata nilipanda daladala, na safari hii niliteremka. Nilisimama mbele ya mlango ule wa buluu nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga tena. Kimya. Nilipopiga mara ya tatu nilikuwa nimekwisha kugeuka, na nakiri kwamba nilifarijika kidogo. Ndipo komeo likalia. Kaka alisimama mlangoni, amezeeka kuliko nilivyomkumbuka. Nikamwambia, “Shikamoo, kaka.” Alininyamazia kwa muda, nikaona nimekosea kuja. Kisha akasema, “Marahaba. Mbona unasimama juani? Pita ndani.”

Suala la kiwanja halijaisha. Tumekaa vikao viwili na wazee wa ukoo, na bado kuna mambo hatukubaliani. Lakini tunabishana tukiwa tumekaa meza moja, na shemeji yangu anatuletea chai. Si kidogo.

Basi, mpendwa, nakuachia kazi ya wiki hii. Ukisafiri, endelea kupiga picha milango ya kale, iwe ya Zanzibar, Bagamoyo au Lamu. Ni kazi ya mikono ya watu na inapendeza. Ila nyumba zile si makumbusho tu, watu wanaishi ndani, kwa hiyo toa salamu kabla ya kuinua simu. Na kabla ya safari nyingine, fikiri mlango mmoja ulio karibu nawe ambao umekuwa ukiupita umegeuza uso. Nenda kabla Jumapili ijayo haijafika. Usiende na hotuba. Nenda na hodi. Ukijibiwa, ingia. Usipojibiwa, ondoka bila kinyongo, urudi siku nyingine.

Tuombe: Bwana Yesu, wewe uliye mlango wa kondoo, tuondolee hofu ya mambo ambayo hayapo. Tupe miguu ya kwenda, sauti ya kubisha na mkono wa kufungua. Na unapobisha kwetu kupitia ndugu zetu, usituache tukikimbia ndani kama Roda bila kukufungulia. Amina.

Jumapili njema.