Jina la Tajiri Liko Chupani, Jasho la Mvunaji Liko Shambani



Mtu wa Gitega au wa Muyinga hahitaji kufundishwa namna ya kutengeneza kinywaji chenye povu. Ndizi zinaivishwa shimoni, zinakamuliwa, maji yanatiwa, unga wa mtama unatiwa, na baada ya siku mbili tatu urwarwa unachemka wenyewe bila moto. Povu lile ni hewa inayozaliwa wakati sukari inapogeuka kuwa kileo. Katika mtungi wetu hewa hiyo inajiendea zake. Huko Ufaransa, katika jimbo la Champagne, watu walijifunza kuifungia ndani ya chupa. Hicho ndicho kinywaji kinachoitwa shampeni, ambacho matajiri wa dunia nzima hukifungua kwenye harusi na karamu zao.

Leo tunaeleza habari za kampuni moja ya ukoo inayotengeneza shampeni, kampuni ya Bollinger, katika mji mdogo wa Aÿ. Tumeichagua kwa sababu moja. Mwaka 1911 wakulima wenye hasira walichoma majumba ya wafanyabiashara wa Aÿ, lakini Bollinger wakaipita. Mfanyakazi wa kiwanda na wa shamba anafaa kujua kwa nini.

KAZI ILIYOMO NDANI YA CHUPA

Kwanza tuitazame kazi yenyewe. Zabibu za Champagne ni lazima zichumwe kwa mkono. Mashine za kuvuna haziruhusiwi. Kilo 4,000 za zabibu zinatoa lita 2,550 tu za maji yanayokubaliwa. Maji hayo yanachemka mara ya kwanza ndani ya mapipa, yanakuwa mvinyo wa kawaida. Kisha yanatiwa chupani pamoja na sukari kidogo na hamira, chupa inazibwa, na mvinyo unachemka mara ya pili. Safari hii hewa haina pa kutokea. Inasukuma kioo kwa nguvu inayokaribia mara tatu ya upepo wa tairi la gari.

Chupa zinalala katika maghala yaliyochimbwa chini ya ardhi, ndani ya mawe ya chokaa. Sheria inataka zikae huko miezi 15 kwa uchache, na miaka mitatu kwa mvinyo wa mwaka mmoja uliochaguliwa. Halafu mfanyakazi anazigeuza kidogo kidogo, kwa wiki kadhaa, mpaka mashapo yote yateremke shingoni. Mwishoni chupa inafunguliwa, mashapo yanaruka nje, na kizibo kipya kinapigwa. Siku hizi mashine zinageuza chupa nyingi, lakini kazi hiyo ilifanywa kwa mikono ya watu kwa miaka zaidi ya mia moja.

Zamani chupa zilikuwa zinapasuka ovyo. Moja ikipasuka iliweza kuzipasua na za jirani. Wafanyakazi wa maghala walivaa vinyago vya chuma usoni ili kioo kisiwatoboe macho. Wenzetu wa kiwanda cha bia cha Gitega wataelewa maneno haya bila kuelezwa zaidi.

UKOO WA BOLLINGER NA MOTO WA 1911

Kampuni ilianzishwa mwaka 1829. Mwenye ardhi mmoja wa ukoo wa kikabaila aliungana na watu wawili, Paul Renaudin na Jacques Bollinger. Huyu Bollinger alikuwa Mjerumani aliyekuja kuuza mvinyo, akamwoa binti wa mwenye ardhi, na jina lake likabaki kwenye chupa. Tangu hapo kampuni imekuwa mali ya ukoo huo, na ingali hivyo mpaka leo, wakati kampuni nyingi nyingine zimemezwa na mashirika makubwa.

Katika Champagne sehemu kubwa ya mashamba ni mali ya wakulima wadogo, lakini majina makubwa yalikuwa mikononi mwa wafanyabiashara. Mkulima alilima, mfanyabiashara akanunua, akatengeneza, akauza. Mwanzoni mwa karne iliyopita mambo yaliharibika. Mdudu aitwaye filoksera alikula mizizi ya mizabibu. Mvua na magonjwa viliharibu mavuno, na mwaka 1910 karibu hapakuwa na mavuno kabisa. Wakati huo huo baadhi ya wafanyabiashara walikuwa wanaleta zabibu na mvinyo wa bei rahisi kwa treni kutoka majimbo ya mbali, wanautia povu, wanaubandika jina la Champagne. Mkulima wa Champagne alibaki na deni.

Januari 1911 wakulima walianza kuvunja maghala na kumwaga mvinyo wa kigeni. Serikali iliahidi sheria kali juu ya mipaka ya jimbo. Tarehe 11 Aprili habari zikafika kwamba baraza la juu la bunge limepiga kura ya kuilegeza mipaka hiyo. Kesho yake, tarehe 12 Aprili, umati uliingia Aÿ. Maghala yalivunjwa, mvinyo ukatiririka barabarani, majumba yakachomwa moto. Serikali ilileta askari.

Bollinger haikuguswa. Habari inayosimuliwa mpaka leo ni kwamba wakulima waliiacha kwa sababu ilijulikana kuwa inawatendea haki wale waliokuwa wanaiuzia zabibu.  Kwa habari hiyo, kilichoilinda ni hesabu ilizofanya na wakulima miaka yote kabla ya siku hiyo.

WEMA WA MTU NA MKATABA WA WATU

Hapa, ndugu, tuwe macho. Wapo watakaosema: basi tuombe Mungu atupe matajiri wema. Wakulima wa Champagne hawakukomea hapo. Walijua kwamba tajiri mwema anakufa, na mwanawe anaweza kuwa mtu mwingine. Walidai sheria. Mwaka 1927 mipaka ya jimbo iliwekwa wazi. Mwaka 1941, wakati wa vita, iliundwa kamati inayowakalisha wakulima na wenye kampuni meza moja. Kwa miaka mingi baada ya vita bei ya kilo ya zabibu ilikuwa inakubaliwa na pande zote mbili kabla ya mavuno. Wafanyakazi wa maghala nao wana vyama vyao, na chama cha CGT kimesimama imara katika jimbo hilo.

Mwaka huo huo wa 1941 Bollinger ilibaki mikononi mwa mjane, Bibi Lily Bollinger, baada ya mumewe kufariki. Wajerumani walikuwa wameikalia nchi. Petroli ilikuwa hakuna, na yeye alizungukia mashamba kwa baiskeli. Mji ulipopigwa mabomu Agosti 1944 alilala ndani ya maghala ya chini. Aliongoza mpaka mwaka 1971, akafariki mwaka 1977. Vitabu vinamsifu, na alistahili sifa. Lakini chupa hazikujigeuza zenyewe, na majina ya waliozigeuza hayamo katika vitabu hivyo.

MAVUNO YA MWAKA 2023

Sasa tufike karibu na wakati wetu. Kila mwaka watu kama 120,000 wanakuja Champagne kuvuna kwa muda mfupi. Wengi ni wageni. Septemba 2023 joto lilikuwa kali mno, na wavunaji kadhaa walikufa kazini.

Mwezi huo huo wakaguzi wa kazi waliingia katika nyumba moja ya kijiji cha Nesle-le-Repons. Walikuta watu zaidi ya 50, wengi kutoka Mali, Mauritania, Senegal na Ivory Coast. Walikuwa wanalala chini kwenye magodoro machafu, vyoo vimechafuka, nyaya za umeme ziko wazi. Walipelekwa shambani ndani ya magari yasiyo na viti, na kufanya kazi saa nyingi kwa chakula kisichofaa. Waliahidiwa kazi nzuri kwa ujumbe wa simu.

Kesi hii haikuwa ya Bollinger. Ilihusu kampuni ya kukodisha wavunaji. Chama cha CGT kilisimama mahakamani pamoja na wavunaji. Julai 2025 mahakama ya Châlons-en-Champagne ilimhukumu mkuu wa kampuni ile kifungo kwa kosa la biashara ya binadamu, ikaamuru kampuni ivunjwe, na wavunaji walipwe fidia.

Angalieni mnyororo ulivyo. Kampuni kubwa inanunua zabibu kwa mkulima. Mkulima anamkodi wakala. Wakala anamtuma dalali. Dalali anamleta mvunaji. Mvunaji akiuliza mshahara wake yuko wapi, kila mmoja anamwonyesha mwingine kwa kidole. Mkulima aliyepigania haki mwaka 1911 leo ana kiti mezani. Mvunaji hana kiti, kwa sababu anakuja kwa wiki mbili, hajulikani jina, na hajaungana na wenzake.

FUNZO KWETU

Mnyororo huo unajulikana Burundi. Anayechuma kahawa milima ya Muyinga anaujua. Kijana anayevuka Kobero kwenda kulima Tanzania kwa msimu, kwa maneno ya dalali tu, anaujua zaidi. Kwa hiyo tunawaomba mambo manne kabla ya kupanda lori lolote.

Kwanza, ulizeni jina la mwajiri mwenyewe, si jina la dalali. Pili, jueni malipo ni kwa siku au kwa kilo, na yatalipwa tarehe gani. Tatu, ulizeni mtalala wapi, maji yako wapi, na mgonjwa atapelekwa wapi. Nne, andikeni majina ya wote mnaosafiri pamoja katika daftari, nakala moja ibaki nyumbani kwa mtu mnayemwamini au kwa mjumbe wa chama.

Mkiwa kiwandani, msimsahau kibarua wa msimu. Yeye hana kadi ya chama kwa sababu hakuna aliyempelekea. Mpelekeeni. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mtu mmoja mwenye daftari hatishi dalali yeyote. Lori zima lenye daftari moja linamtisha.