Msikiti uliokataliwa London, na siku 14 tunazozilalia



Mtaani kwetu kuna ghorofa iliyoziba upepo wa nyumba sita. Watu waliilalamikia kila jioni barazani, tangu msingi ulipochimbwa hadi tangi la maji lilipopandishwa juu. Siku moja niliuliza nani aliyeandika barua ya pingamizi. Kila mtu akamtazama mwenziwe. Mimi pia sikuandika.

Ndipo nikakumbuka kesi ya mashariki mwa London ambayo wengi wetu tuliisikia kwa jina tu: ule "msikiti mkubwa" wa West Ham.

Mwaka 1996, jumuiya yenye uhusiano na Jamaat Tabligh ilinunua hapo kiwanja cha kiasi cha ekari 16, kilichokuwa cha kiwanda cha kemikali. Mpango wa msikiti ulipoanza kuvuma, kelele zikawa kubwa. Mwaka 2007 watu zaidi ya 250,000 walitia sahihi waraka wa kuupinga kwenye tovuti ya Waziri Mkuu. Ombi lililofika mezani mwaka 2012 lilikuwa la msikiti wa waumini zaidi ya 9,000, pamoja na maktaba na ukumbi wa kulia chakula.

Desemba 2012 baraza la Newham likakataa. Sababu zilizoandikwa hazikutaja dini. Zilihusu ukubwa wa jengo, majengo ya kihistoria yaliyo jirani, na kwamba mpango wa eneo ulitaka kiwanja kile kiwe na matumizi mchanganyiko, zikiwemo nyumba za kuishi.

Kwa sheria ya Uingereza, aliyenyimwa kibali cha namna hiyo ana miezi 6 ya kukata rufaa. Rufaa ikiwa nzito, huitishwa kikao cha hadhara. Anateuliwa mkaguzi asiye mtu wa baraza wala wa mwombaji. Kila upande huwasilisha ushahidi wake kwa maandishi mapema, kisha wataalamu wake huhojiwa na mawakili wa upande wa pili mbele ya watu. Jirani wa kawaida pia huruhusiwa kusema. Mkaguzi hukitembelea kiwanja, akaona kwa macho yake. Mara nyingi yeye mwenyewe ndiye huamua, lakini waziri anaweza kuichukua rufaa. Hapo mkaguzi huandika ripoti na waziri ndiye hukata shauri.

Ndivyo ilivyokuwa. Kikao kilifanyika Juni 2014, na Oktoba 2015 waziri Greg Clark akaikataa rufaa. Hoja kuu ilikuwa mvutano wa mahitaji mawili juu ya ardhi moja: mahali pa ibada, na makazi katika mji wenye uhaba wa nyumba.

Je, chuki haikuwepo? Ilikuwepo, na zile kelele ni ushahidi. Lakini mbele ya mkaguzi, chuki si hoja, wala wingi wa sahihi si hoja. Kinachopimwa ni ardhi, barabara, maji, mwanga na mpango wa eneo. Anayetaka kushinda hujibu sababu zilizoandikwa kwenye faili, si zile anazodhani zimo vifuani mwa watu.

Sasa turudi nyumbani. Sheria yetu ya upangaji na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 inamtaka anayeomba kibali autangazie umma mradi wake, na umma ukaribishwe kuleta pingamizi. Kaunti ikishaamua, mwombaji au mtu yeyote mwenye maslahi ana siku 14 kukata rufaa kwa kamati maalumu ya upangaji ardhi ya kaunti. Asiporidhika, aende Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kwa hiyo jirani aliyezibiwa upepo ana mlango wa kubisha, sawa na tajiri aliyenyimwa kibali.

Na mlango huo si wa mapambo. Ndugu zetu wa Lamu waliipinga leseni ya mazingira ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe mbele ya jopo la kitaifa la rufaa za mazingira. Juni 2019 leseni ikafutwa, na sababu mojawapo ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Hawakushinda kwa kulalama barazani. Walipeleka karatasi.

Basi ukiona kibao cha mradi mtaani, usipite. Kipige picha, andika tarehe, uliza kaunti faili limefika wapi. Barua iwe fupi na itaje madhara yanayopimika: maji taka, njia ya gari la zimamoto, mwanga, kina cha kisima. Majirani watie sahihi, na mubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.

Siku 14 zinahesabiwa tangu uamuzi unapotolewa. Tingatinga likishaingia mtaani, huenda zimekwisha zamani.