Feni ya CPU imegoma kuzunguka? Soma hapa kabla hujatoa hela



Leo tuongelee ugonjwa ambao umewala hela watu wengi. Mashine inawaka freshi asubuhi, ikifika saa nane mchana inaanza kuganda, mara inajizima yenyewe. Ukiuliza unaambiwa, "Hiyo ina virusi, ipigwe Windows upya." Unalipa, Windows inapigwa, kesho saa nane mchana inajizima tena! Sasa jamani, ni kirusi gani huyo anayeangalia saa?

Mara nyingi huyo siyo kirusi, ni joto. Na joto likizidi, kitu cha kwanza kuangalia ni feni. Mimi si injinia, nimemaliza fomu foo tu, lakini hili jambo halihitaji digrii. Linahitaji bisibisi, brashi ndogo ya rangi na utaratibu. Ukiruka hatua ndiyo unaishia kununua kitu ambacho hakijaharibika.

KWANZA TUELEWANE MAJINA

Lile boksi ambalo wote tunaliita CPU, CPU yenyewe ni kidude kidogo tu cha ndani, yaani prosesa. Ndani ya boksi kwa kawaida kuna feni za aina tatu. Ya kwanza imekaa juu ya prosesa. Ya pili iko ndani ya pawa saplai. Ya tatu ni feni za boksi lenyewe, za nyuma au za mbele, na hizi ndizo tunazoziongelea leo.

Feni ya boksi haitengenezi ubaridi, inahamisha joto. Inatoa hewa ya moto nje ili hewa ya nje iingie. Ikisimama, ile feni ya prosesa inabaki inazungusha hewa ile ile ya moto. Prosesa nyingi za sasa za Intel zikikaribia nyuzi 100 zinajipunguzia kasi zenyewe, ndiyo maana mashine inakuwa nzito. Joto likizidi hapo mashine inajizima kujiokoa. Na kwa joto la mchana la Dar au Mombasa, na chumba chenye mashine kumi zinawaka pamoja, haichukui muda.

USALAMA, USIRUKE HAPA

Zima mashine, chomoa waya wa umeme ukutani, halafu bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha boksi kabla hujagusa kitu cha ndani. Na pawa saplai USIIFUNGUE, hata kama feni yake ndiyo imekufa. Ndani yake kuna kapasita zinazoweza kubaki na umeme mkali hata baada ya kuchomoa waya. Hiyo badilisha nzima au mpe anayeijua kazi.

HATUA YA 1: ZUNGUSHA KWA KIDOLE

Umeme ukiwa umechomolewa, sukuma mapanga ya feni taratibu. Yakizunguka kwa ulaini na kusimama polepole, beringi ni nzima. Yakiwa mazito au yakisimama ghafla, angalia vumbi, nywele, au waya uliojiingiza kwenye mapanga. Hii ya waya inatokea sana, mtu amefungua boksi kuongeza RAM, akafunga bila kupanga waya. Wasogeze na uwafunge pembeni kwa vikamba vya plastiki.

Vumbi litoe kwa brashi. Ukitumia bloa, shika mapanga kwa kidole yasizunguke. Upepo wa bloa unaweza kuyazungusha kupita kiasi mpaka beringi ikafa, na feni ikizungushwa hivyo inaweza kurudisha umeme kwenye madabodi.

HATUA YA 2: FUATA WAYA MPAKA MWISHO

Usiangalie feni tu, fuata waya wake uone umeishia wapi. Feni nyingi zina kichwa chenye pini 3 au 4, kinachomwe kwenye madabodi palipoandikwa SYS_FAN au CHA_FAN. Pini ya kwanza ni hasi, ya pili ni chanya ya volti 12, ya tatu inairipotia madabodi kasi ya feni, na ya nne, kama ipo, inapokea amri ya kuongeza au kupunguza kasi. Feni ya pini 3 inaingia kwenye soketi ya pini 4 bila tatizo, we fuata tu kile kijimfereji cha pembeni, usilazimishe.

Feni nyingine zinachukua umeme moja kwa moja kutoka pawa saplai kwa ile plagi nene ya matundu 4. Hapo waya wa njano ni volti 12, mwekundu ni volti 5, na weusi wawili ni hasi. Pini za plagi hii zina tabia ya kurudi nyuma ukichomeka, nje inaonekana imeingia lakini ndani haigusi. Chomoa, chungulia, nyoosha pini, chomeka tena.

Kwa wale wa maboksi yenye feni za taa za rangi rangi: feni zote zinaweza kuwa zimeunganishwa kwenye kidude kimoja cha kugawa umeme, na chenyewe kina waya wake kutoka pawa saplai. Kisipochomekwa, feni zote zinalala pamoja. Kwa hiyo zikifa zote siku moja, usiamini kwamba zimeungua zote, kaangalie hicho kidude kwanza.

HATUA YA 3: LABDA IMEAMRIWA ISIZUNGUKE

Madabodi nyingi za miaka ya karibuni zinaweza kusimamisha feni ya boksi kabisa mashine ikiwa ya baridi. Washa mashine, ingia BIOS (nyingi ni Del au F2, HP nyingi ni F10), tafuta sehemu ya Hardware Monitor au Fan Control, weka feni kwenye kasi ya mwisho. Ikizunguka, feni ni nzima na waya ni mzima, kilichokuwa kinaisimamisha ni mpangilio. Mara nyingi volti ilikuwa imeshushwa mno kiasi kwamba feni haipati nguvu ya kuanza. Ipandishe kidogo kidogo mpaka ikae sawa.

HATUA YA 4: BADILISHANA

Hapa ndipo panaokoa hela nyingi. Zima mashine na uchomoe umeme. Ile feni iliyogoma ihamishie soketi ya feni ya boksi inayofanya kazi, halafu feni nzima ichomeke kwenye soketi ya ile iliyogoma. Washa uone.

- Feni iliyogoma ikigoma na huku, feni ndiyo imekufa.
- Feni iliyogoma ikizunguka huku, na feni nzima ikigoma kule, soketi ndiyo mbovu.
- Zikizunguka zote, tatizo lilikuwa kichwa cha waya hakijakaa vizuri.

Kama ni soketi, usikubali kuambiwa ununue madabodi mpya kwa ajili hiyo tu! Kuna waya wa kubadilishia unaochukua volti 12 moja kwa moja kutoka plagi ya pawa saplai. Feni itazunguka kasi ya mwisho muda wote, itapiga kelele kidogo, lakini mashine itakuwa salama. Feni ya prosesa tu ndiyo uiache kwenye CPU_FAN yake, manake madabodi nyingi zisipoiona hapo zinatoa ujumbe wa "CPU Fan Error" na zinakataa kuendelea.

Soketi huungua kwa nini? Mara nyingi mtu amegawanya soketi moja kwa feni nyingi. Soketi nyingi zimewekewa kikomo cha ampea 1. Soma stika za feni zako, kila moja imeandikwa ampea zake, zijumlishe kabla hujagawanya.

HATUA YA 5: TONE LA MAFUTA

Kama feni inatikisika kidogo ikiwashwa halafu inaganda, umeme unafika ila beringi imekauka. Zima, itoe, bandua stika ya katikati. Ukikuta kizibo cha mpira kitoe pia, weka tone moja au mawili ya mafuta ya cherehani, zungusha kwa mkono, futa, rudisha stika. Mafuta ya kupikia hapana, yananata. WD-40 nayo inakauka haraka. Na ujue hii ni kuvuta siku tu, anza kutafuta feni nyingine.

UKIENDA KUNUNUA

Pima ukubwa kwanza, za kawaida ni milimita 80, 92 na 120. Kama mashine yako ni Dell OptiPlex ya mtumba, nenda na feni ya zamani mkononi, manake baadhi zina kichwa cha pini 5 na feni ya kawaida haiingii hivi hivi. Ukifunga, kumbuka hewa inatokea upande wenye vile vyuma au plastiki vinavyoshikilia kitovu. Feni ya nyuma inatakiwa kutoa nje, ukiigeuza inashindana na wenzake.

Na wale wanaofungua ubavu wa boksi na kuelekezea feni ya mezani, sawa, kwa siku moja inasaidia. Ukiacha hivyo vumbi linaingia kila mahali na mwezi ujao unarudi pale pale.

Kwa hiyo mdau, mashine ikijizima mchana, kabla hujakubali habari za virusi, piga magoti uchungulie nyuma ya boksi. Feni inazunguka au haizunguki? Swali hilo halina malipo.

Uliyekwama hatua yoyote, andika hapo chini kwenye maoni: aina ya mashine, feni ina pini ngapi, na umeshajaribu nini. Mafundi mnaosoma hapa, nyie pia ongezeeni nilipoacha.

Tuko pamoja!