Mzabibu Haujui Tarehe ya Boom: Jinsi ya Kupanga Safari ya Mvinyo Dodoma

Nikiwa mwaka wa pili hapa Dodoma nilifanya jambo ambalo wenzangu wa hosteli wananitania nalo hadi leo. Ilikuwa mwezi Mei, boom limeingia, nikapata wazo. Tunaishi kwenye mkoa wa zabibu, tunanunua zabibu za mafungu barabarani, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukanyaga shamba lenyewe. Nikakusanya shilingi 15,000 kwa kila mtu. Tulikuwa watu 12, jumla 180,000. Tukakodi Hiace, na Jumapili asubuhi tukashika barabara ya Iringa hadi Mpunguzi.

Tulichokikuta ni vijiti. Safu kwa safu za mizabibu iliyokatwa matawi, na majani machanga ndiyo kwanza yanachomoza. Hata punje moja hakuna. Mahali pa kukamulia pamefungwa, watu wako kanisani. Mama mmoja aliyekuwa akipita na baiskeli tukamwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mnatafuta nini huku?"

"Zabibu, mama."

Alicheka mpaka akaegemea baiskeli yake. "Mbona tumepogoa juzi tu! Si mngeuliza kwanza?"

Kwa mwanafunzi, 15,000 si hela ya kuchezea. Mmoja wetu alikuwa ametoa pesa yake ya kula ya wiki nzima. Njia nzima ya kurudi hakuna aliyenisemesha. Machi iliyofuata nikapanga upya, na safari hiyo ilifana. Haya ndiyo niliyojifunza, ili wewe usipitie niliyoyapitia.

Anza na kalenda ya shamba

Kosa langu kubwa lilikuwa kupanga safari kwa kufuata boom. Kule Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi kali na kuzaa mara moja kwa mwaka. Dodoma haina baridi ya namna hiyo, kwa hiyo mzabibu wetu huamshwa na mkasi. Mkulima akipogoa, mti unachipua, unatoa maua, na baada ya kama miezi minne zabibu zinaiva. Ndiyo maana hapa tunavuna mara mbili kwa mwaka: mavuno ya kwanza huangukia kwenye mwezi Machi, ya pili Agosti na Septemba. Ukienda Mei kama mimi, utapiga picha na vijiti.

Agosti na Septemba wengi wetu tuko nyumbani likizo, hivyo Machi ndiyo yetu. Ila Machi ni masika, na njia za kuingia mashambani zina tope. Muulize dereva hali ya barabara siku moja kabla, na usivae raba nyeupe.

Chagua upande mmoja

Vijiji vya zabibu vimetawanyika kuuzunguka mji, havipo kwenye mstari mmoja. Bihawana na Mpunguzi viko kusini, barabara ya Iringa. Makutupora iko kaskazini, na huko ndiko kuna kituo cha utafiti wa zabibu. Hata aina moja ya zabibu nyekundu inayolimwa sana hapa inaitwa Makutupora. Hombolo iko kaskazini mashariki, karibu na bwawa. Ukitaka kuvimaliza vyote kwa siku moja, utaishia kuona vioo vya gari.

Ukipenda historia, nenda Bihawana. Mizabibu ya Dodoma inahusishwa na wamisionari wa Kiitaliano walioipanda huko miaka ya 1950, wakihitaji divai ya misa. Ukipenda samaki, nenda Hombolo. Sisi tulirudi Mpunguzi, maana nilikuwa na deni la heshima pale.

Piga simu, kisha lipa

Shamba la mtu si bustani ya umma. Pitia ofisi ya kijiji au chama cha ushirika cha wakulima, waeleze mko wangapi na mnataka kuona nini. Epuka Jumapili. Mfike mapema, kama saa moja asubuhi, kwa sababu zabibu huchumwa kabla jua halijawa kali. Na mkifika, salamu kwanza. Ukisema "Mbukwenyi" utaona sura zinavyochangamka.

Halafu lipeni. Mkulima anayesimamisha kazi wakati wa mavuno ili akueleze anapoteza muda wenye thamani. Zabibu ikishaiva haingoji: ndege wanaitaka, mvua ikizidi inaoza, na ikishachumwa haikai siku nyingi. Asiye na mnunuzi wa uhakika hulazimika kupokea bei yoyote. Ndiyo sababu wengine huzikamua na kuuza mchuzi wa zabibu, ambao unaweza kuhifadhiwa kwenye matangi. Mimi nasoma biashara, lakini somo la nguvu ya mnunuzi nililielewa vizuri zaidi pale chini ya mzabibu kuliko darasani.

Uliza pia mvinyo unavyotengenezwa. Hamira hula sukari ya zabibu na kuigeuza kuwa kileo. Rangi nyekundu hutoka kwenye ganda, si kwenye maji ya tunda. Ukichachua maji pamoja na maganda unapata mwekundu, ukiyatenga mapema unapata mweupe.

Kula kwanza

Mvinyo mwingi una kileo cha asilimia 11 hadi 14, zaidi ya mara mbili ya bia nyingi. Jua la Dodoma nalo halina utani. Kwa hiyo agizeni chakula mapema kwa mama lishe wa kijijini, msisubiri njaa iwaume. Sisi tulikula ugali wa uwele kwa mlenda na kuku wa kienyeji. Mbuzi wa kuchoma anakubaliana sana na mvinyo mwekundu mkavu, na samaki na mweupe uliopoa. Onja kidogo kidogo, kunywa maji katikati.

Kati yetu 12, watano hawanywi kabisa. Wasiachwe wakilinda mikoba. Wao walichuma, wakala zabibu mbichi, wakanywa juisi, na ndio waliokumbuka maelezo yote. Dereva haonji hata tone, na hilo mkubaliane kabla hamjaondoka.

Safari ya pili tulichanga 20,000 kila mmoja, na 60,000 kati ya hizo zilibaki kijijini: mwongozo, chakula na zabibu za kubeba. Yule aliyetoa pesa yake ya kula mwaka uliotangulia hatukumchangisha. Mama wa baiskeli alitutambua kabla hatujashuka garini.

"Hawa ndio wale wa vijiti!" akawaambia wenzake. Kisha akanipa mkasi na ndoo. "Haya mwanangu, leo zipo. Chuma."