Je, Wajua? Kituo cha Kuchajia kwa Jua

Wasafiri Stanley na Livingstone waliondoka Ujiji, karibu na Kigoma, mwishoni mwa Desemba 1871, wala hawakuwasili Kwihara, nje kidogo ya Tabora, ila tarehe 18 Februari 1872. Kwani msafara wa zama zile, hata ungekuwa na wapagazi hodari kiasi gani, mwendo wake ulikadiriwa na umbali uliopo baina ya maji na maji. Unyanyembe, yaani nchi hiyo ya Tabora, ilitukuka kwa sababu hiyo, maana palikuwa na nafaka, maghala ya nguo na ushanga, na Wanyamwezi waliokuwa tayari kujitwika shehena za frasila mbili mbili zilizotuliwa na wapagazi wa mrima.

Pikipiki ya umeme nayo yataka manzili zake. Roam Air, iundwayo Nairobi, hutumia betri ya kilowati-saa 3.24 ipelekayo chombo kilomita zipatazo 90, na kutoka Tabora hadi Kigoma ni kilomita kama 400.

Kituo cha jua hujaza betri hizo kwa paneli za silikoni, ambazo mwanga ukizipiga, elektroni hubanduka mahali pake na kusukumwa upande mmoja zikawa mkondo. Tabia ya mwanga kuzaa umeme ilitambuliwa na Mfaransa Edmond Becquerel mwaka 1839. Paneli ya wati 400, ikipata saa tano za jua kamili, hutoa kilowati-saa 2, hivyo paneli mbili zatosha kushibisha betri moja kwa siku. Na kwa kuwa umeme wa paneli ni mkondo mnyoofu, kama ule utakiwao na betri, si lazima ugeuzwe kwanza kuwa mkondo geu kisha urudishwe, jambo ambalo aghalabu hupoteza sehemu ya nguvu njiani.

Walakini ukali wa jua la Tabora usimhadae mtu. Silikoni hupenda nuru, haipendi joto: kila nyuzi moja ya Selsiasi juu ya 25 huipunguzia takriban asilimia 0.4 ya nguvu zake, na paneli iliyofika nyuzi 65 juu ya bati mwezi wa Oktoba imekwisha kupoteza asilimia 16. Ndiyo maana fundi mjuzi huacha nafasi chini yake upepo upite, na mwenye kituo hulifuta vumbi alfajiri, kabla kioo hakijapata moto.

Tatizo jingine ni wakati, maadamu saa za jua ndizo saa za bodaboda kutafuta riziki, naye hawezi kukaa kivulini akingoja. Kwa hiyo mimi nawaunga mkono wabadilishao betri: dereva huacha tupu, huchukua iliyojaa, huenda zake. Na kwamba jua latosha hata safari ndefu limekwisha kuonekana: mwaka 2024 Roam Air ilitoka Nairobi ikafika Stellenbosch, Afrika Kusini, zaidi ya kilomita 6,000, kwa umeme wa jua mtupu, paneli zikichukuliwa na magari yaliyofuatana nayo.

Huku kwetu ningeanzia Urambo, makao ya Mtemi Mirambo, kilomita zipatazo 90 magharibi ya Tabora. Kwa kuwa abiria na mchanga hula nguvu, dereva atoke Tabora na betri mbili, kwani pikipiki hiyo ina nafasi yake. Na paneli ishirini za wati 400, ukishatoa hasara za joto na vumbi, zingejaza betri kumi kwa siku ya kiangazi, na pungufu ya hapo masika.