Makaburi ya Misri kwenye runinga: Mtoto ajifunze nini?

MTOTO aliyelelewa Pwani hulijua neno mumiani kabla hajaingia shule. Huambiwa kuwa mumiani huwanyemelea watoto wanaozurura gizani na kuwanyonya damu. Asichoambiwa ni kwamba neno hilo lina nasaba moja na lile ambalo Wazungu hutumia kuziita maiti za Misri ya kale zilizokaushwa na kuvishwa sanda. Asili yake ni dawa nyeusi mfano wa lami, iliyouzwa na wafanyabiashara wa Uajemi. Watu walioziona maiti za Misri zikiwa nyeusi vivyo hivyo walidhani zimepakwa dawa hiyo hiyo.

Si ajabu, basi, kwamba jeneza la kale linapofunguliwa kwenye runinga, jambo la kwanza linalomjia mtoto ni hofu. Hofu hiyo hupaliliwa na filamu za kubuni ambamo maiti hufufuka na kuwafukuza waliozisumbua. Pia kuna hekaya ya laana ya Tutankhamun, ambayo hadi leo haijakosa wa kuisimulia. Ni kweli kwamba Lord Carnarvon, tajiri aliyegharimia uchimbaji wa kaburi la mfalme huyo, alifariki Aprili 5, 1923, miezi michache tu baada ya kaburi kufunguliwa. Lakini aliumwa na mbu, akajikata mahali hapo aliponyoa ndevu, na kidonda kikaingia sumu. Howard Carter, aliyeliingia kaburi hilo mara zisizohesabika, aliishi hadi mwaka 1939.

Wapo wazazi ambao kwa sababu ya hofu hiyo huzima runinga. Nadhani wanakosea. Filamu za makala, yaani zile zinazoonyesha mambo halisi wala si ya kuigiza, humfikisha mtoto wa Kakamega au Garissa mahali ambapo nauli ya ndege haitamfikisha. La muhimu ni filamu ipi inayochaguliwa, na iwapo mzazi ameketi kando yake inapoonyeshwa.

Chukua mathalan filamu iitwayo Secrets of the Saqqara Tomb, iliyoongozwa na James Tovell na kutolewa na Netflix mwaka 2020. Inafuata kikosi cha Wamisri wakichimba Saqqara, kusini mwa Cairo, kwenye piramidi ya ngazi ya Mfalme Djoser. Mwaka 2018 kikosi hicho kiligundua kaburi la kuhani Wahtye, aliyeishi yapata miaka 4,400 iliyopita. Kuta zake zimejaa sanamu na nakshi ambazo rangi zake hazijafifia. Wachimbaji ni Waafrika wanaofukua historia yao wenyewe, tena wanazungumza Kiarabu, lugha iliyotupa maneno kaburi, maiti na roho. Mtoto akitega sikio hatakosa kuokota neno moja au mawili, ingawa itambidi mzazi amfasirie maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha.

Ubora wa filamu hii ni kwamba haifichi kazi. Mchanga unabebwa, mashimo yanachimbwa ndani ya kaburi bila yeyote kujua kama chini kuna kitu, huku msimu wa kuchimba ukiyoyoma. Hatimaye mifupa inapatikana. Daktari Amira Shaheen wa Chuo Kikuu cha Cairo anaishika na kuikagua, anauona uvimbe usio wa kawaida, na anashuku kwamba huenda Wahtye aliugua malaria.

Hapo ndipo mzazi anapopaswa kusimamisha filamu. Mwulize mtoto: mtu aliyekufa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, ambaye damu yake imekauka na kutoweka, daktari amejuaje alichougua? Mtoto wa Kenya anayejua malaria ni nini, na pengine amelazwa nayo, atajibu kwa hamu. Mweleze pia kwamba daktari huyo alishuku tu, na kwamba kushuku si kuthibitisha. Kisha mpe kisa cha pili: mwaka 2010 wanasayansi walitangaza kuwa wamepata chembechembe za urithi za vimelea vya malaria katika mwili wa Tutankhamun. Huyo uthibitisho wake ulitoka maabara. Mtoto akielewa tofauti iliyopo kati ya visa hivyo viwili, ameshaanza akiolojia.

Lakini Tutankhamun huwapotosha watoto kwa namna nyingine. Wakiiona dhahabu yake huhitimisha kuwa kazi ya mwanaakiolojia ni kuvunja mlango na kubeba hazina. Kidato cha kwanza cha ngazi ya kaburi hilo kilionekana Novemba 4, 1922. Vyumba vyake ni vinne tu, tena vidogo, ila kuviondoa vitu zaidi ya 5,000 vilivyokuwamo na kuvihifadhi kulichukua hadi mwaka 1932. Mpigapicha Harry Burton alivipiga picha vikiwa pale pale vilipolala, kwa sababu mahali kitu kilipo ni nusu ya habari yake. Ndiyo maana polisi nao hawataki mahali pa uhalifu pakanyagwe. Miongoni mwa vitu hivyo mlikuwa na glavu na kiti cha mtoto, kwani Tutankhamun alitawazwa akiwa na umri wa miaka minane au tisa hivi. Kwa mtoto wa darasa la nne, kiti hicho kina uzito kuliko jeneza la dhahabu.

Uhifadhi wa maiti nao usirukwe kwa kuogopwa. Mwili ulifunikwa kwa chumvi ya jamii ya magadi, yale yale ambayo wapishi wetu hutia kwenye maharagwe na mrenda, na shughuli nzima ilichukua siku 70. Moyo uliachwa kifuani, kwa kuwa waliamini utapimwa siku ya hukumu. Anayetaka kuona jinsi inavyokuwa afunike kipande cha tufaha kwa magadi na chumvi, akiangalie baada ya wiki moja.

Na waliojenga je? Mwaka 1990, karibu na piramidi za Giza, farasi alijikwaa kwenye ukuta wa matofali uliofukiwa na mchanga, na hapo yakagunduliwa makaburi ya wafanyakazi waliozijenga. Watumwa wasingezikwa kwa heshima hiyo kando ya mfalme wao. Katika kijiji cha Deir el-Medina, walikoishi mafundi wa makaburi ya kifalme, ilipatikana hata orodha ya waliokosa kufika kazini: mmoja aliumwa na nge, mwingine alibaki nyumbani kutengeneza pombe. Mafundi wa kijiji hicho waligoma wakati wa utawala wa Ramesses wa Tatu kwa kucheleweshewa posho ya nafaka. Mtoto aliyewahi kurudishwa nyumbani kwa mgomo wa walimu hatahitaji maelezo zaidi.

Mapema au baadaye mtoto atauliza swali ambalo watu wazima hulikwepa: je, si vibaya kumfukua marehemu? Kwetu kaburi haliguswi bila sababu kubwa, na swali hilo lastahili jibu la kweli. Wamisri wenyewe wamelihangaikia. Mwaka 1980 Rais Anwar Sadat aliamuru chumba cha maiti za wafalme katika jumba la makumbusho la Cairo kifungwe, nacho hakikufunguliwa tena hadi 1994. Hazina za Tutankhamun zilipoonyeshwa kwa ukamilifu katika jumba jipya la makumbusho la Giza, lililozinduliwa Novemba 1, 2025, mwili wake uliachwa kaburini mwake huko Luxor. Kwa upande wa pili, Wamisri wa kale waliamini kuwa aliyekufa huishi jina lake linapotajwa, na waliandika makaburini wakiwasihi wapita njia wawatajie. Wahtye sasa anatajwa. Mtoto aachwe apime mwenyewe.

Akisisitiza kwamba mambo haya ni ya mbali, mwambie kuhusu pango la Panga ya Saidi katika kaunti ya Kilifi. Mwaka 2021 wanasayansi walitangaza kwamba humo alizikwa mtoto wa umri wa miaka miwili na nusu au mitatu, miaka 78,000 iliyopita. Ndilo kaburi kongwe zaidi la binadamu wa jamii yetu lililopatikana Afrika, na waliompata walimpa jina Mtoto. Hakukuwa na dhahabu wala maandishi. Mifupa ilikuwa imelika mno hivi kwamba bonge zima la udongo lilikatwa na kufunikwa kwa plasta ili lichunguzwe maabara. Wachunguzi walipoona jinsi kichwa kilivyoinama kutoka shingoni, walitambua kwamba chini yake palikuwa na kitu laini ambacho baadaye kilioza. Aliyemzika alikuwa amemwekea mto.