Hema la Kifahari Lisipolingana na Tangazo

Kambi za mahema ya kifahari ni sehemu ya utalii wa maeneo yanayouzunguka Mlima Meru. Mgeni hulala ndani ya turubai, lakini hupata kitanda kamili, choo na bafu, kwa bei inayoweza kulingana na ya hoteli kubwa mjini. Aghalabu bei hiyo hulipwa kabla mlaji hajaiona kambi. Kwa hiyo anachonunua hasa ni ahadi.

Tuchukue mfano. Mume na mke, wakazi wa Themi, wanalipa shilingi 800,000 kwa malazi ya siku mbili. Tangazo linaahidi kambi iliyo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, maji ya moto wakati wote na hema linalotazama mlima. Wanapofika, kambi iko kijijini, nje ya mpaka wa hifadhi, na ili kuingia hifadhini hawana budi kulipa kiingilio ambacho hawakukitarajia. Maji huchemshwa kwa kuni na kumiminwa kwenye ndoo iliyotundikwa nyuma ya hema, tena jioni tu. Mlima nao umefunikwa na mawingu.

Lipi linadaiwa?

Mawingu ya masika, kati ya Machi na Mei, si kosa la mwenye kambi. Wala si kosa lake baridi ya usiku ya Juni na Julai. Maji ya ndoo nayo si kasoro yenyewe, kwa kuwa ni desturi ya kambi nyingi. Kasoro ni kuahidi maji ya moto wakati wote, na kusema kambi iko mahali isipokuwapo. Dai lenye nguvu ni lile linaloweka kilichoahidiwa kando ya kilichotolewa.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha au kumhadaa mlaji. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inampa aliyekubali mkataba kwa sababu ya maelezo yasiyo ya kweli nafasi ya kuukataa. Hata hivyo, haki hiyo inaweza kupotea iwapo ukweli ungegundulika kwa uangalifu wa kawaida. Ndiyo maana kuuliza mapema ni sehemu ya kujilinda.

Kabla ya kulipa

Neno “kifahari” si daraja. Malazi ya kitalii, kambi za mahema zikiwemo, hupangwa kwa nyota kwa kufuata vigezo vya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Uliza kambi ina nyota ngapi. Uliza pia kambi iko wapi hasa, bei inajumuisha kodi na ada zipi, na ukiahirisha safari utarejeshewa kiasi gani. Majibu yawe ya maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu. Hifadhi tangazo kama ulivyoliona, kwa kuwa laweza kubadilishwa kesho.

Ukiwa kambini

Lalamika siku hiyo hiyo, kwa msimamizi, huku ukitaja ahadi iliyovunjwa. Mpe nafasi ya kurekebisha: hema jingine, au punguzo la bei. Piga picha zinazoonyesha tarehe. Mlaji anayenyamaza hadi siku ya kuondoka hudhoofisha dai lake, maana ataulizwa kwa nini hakusema.

Baada ya kuondoka

Andika barua fupi kwa uongozi, ukiambatisha risiti ya kielektroniki, tangazo na picha. Taja kiasi unachodai, na kilingane na ulichokosa. Aliyelala siku zote mbili na kula milo yote ni vigumu kudai fedha zote. Usipojibiwa, peleka malalamiko yako Tume ya Ushindani. Ikiwa kambi imejitangazia nyota isizopewa, iarifu Wizara ya Maliasili na Utalii. Suluhu isipopatikana, mahakama iko wazi kwa anayedai fidia, na nyaraka ulizotunza ndizo zitakazokusemea.